Wapiganaji Wetu Wahame Pamoja na Matendo Yao

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wako wanafunzi katika shule hii ambao siku ya Jumamosi, usafi ukiisha, hawaonekani uwanjani wala mahali pa kufulia. Huketi chini ya mwembe nyuma ya bweni, wana kopo la rangi lililo tupu, vizibo vya soda, na bunda la karatasi. Watu wapitao huuliza, "Hawa wacheza nini?" maana hapana ubao, hapana kete, wala hapana mshindi. Napenda kulijibu swali hilo kwa ufupi, kisha nieleze jambo lililotugawa sisi wachezaji muhula huu, na upande niliosimama mimi.

Mchezo wenyewe huitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1974 na mabwana wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ambao kabla ya hapo walikuwa wachezaji wa vita vya sanamu ndogo mezani. Mmoja wa wachezaji huwa msimulizi. Yeye hueleza mahali na mambo yanayotokea. Kila mmoja wa waliosalia ana mtu wake, na mambo yote ya mtu huyo, yaani nguvu zake, wepesi wake, silaha zake na daraja lake, yameandikwa katika karatasi moja. Msimulizi akisema, "Mmefika mlangoni mwa pango, na ndani mwasikia pumzi," kila mmoja husema mtu wake afanya nini. Jambo likiwa na shaka, huamuliwa kwa dadu ya pande 20. Dadu ya namna hiyo hatukupata kuiona dukani, basi sisi tumeandika namba katika vizibo 20 tukavitia koponi. Mtu huvuta kimoja, akakisoma, akakirudisha. Pengine kanuni humruhusu kuvuta mara mbili na kushika namba iliyo kubwa, na hiyo twaiita kheri. Pengine humlazimisha kushika iliyo ndogo, nayo twaiita nuksi. Uganga uliomo mchezoni ni wa hadithi, kama wa majini ya Alfu Lela Ulela, na hakuna mtu aliyepata kurogwa kwa kizibo cha soda.

Watu wa mchezo huu ni wa namna mbili kubwa. Wako wenye uganga, na wako watu wa silaha: mpiganaji, mtu wa ghadhabu, mtawa apiganaye kwa mikono mitupu, mjanja wa jambia, na wenzao. Mtu wa kupigana ana ukongwe wake katika mchezo, kwani katika vitabu vya mwaka 1974 alikuwa mmoja wa aina tatu tu zilizokuwako. Lakini tangu zamani lalamiko la watu wa silaha ni moja. Mwenye uganga akipanda daraja hupata mambo mapya ya kufanya. Mpiganaji akipanda daraja hufanya jambo lile lile kwa nguvu zaidi. Mathalani, kwa kanuni tulizozizoea hapa, mwenye uganga wa daraja la tano aweza kutupa mpira wa moto unaounguza kila aliye ndani ya duara kubwa, na hesabu yake ni dadu nane za pande sita. Mpiganaji wa daraja hilo hilo hupiga mkuki mara mbili. Kisha hungoja zamu irudi, apige tena mara mbili.

Hapa kwetu jambo hilo lina ubaya wa pekee. Kijana wa Kidato cha Kwanza akija kutaka kucheza, wakubwa humpa mpiganaji, kwa sababu ati mpiganaji ni rahisi. Uganga hushikwa na Kidato cha Tatu na cha Nne. Basi mdogo huketi akisikiliza wenzake wakipanga na kupangua, na zamu yake ikifika husema, "Nampiga," akavuta kizibo, akakirudisha, akanyamaza. Wale niwajuao mimi walioacha mchezo kabla ya muhula kwisha, karibu wote walikuwa wamepewa wapiganaji.

Watungaji wa mchezo nao wameisikia kelele hii, na wamekuwa wakienda mbele na kurudi nyuma. Toleo la mwaka 2000, lililotolewa na kampuni ya Wizards of the Coast, lilimpa mpiganaji vipaji vingi vya kuchagua, walakini mwenye uganga akazidi kumwacha nyuma. Toleo la 2008 likaenda upande wa pili kabisa: mpiganaji akapewa orodha ya mbinu kama ya mwenye uganga, hata wachezaji wengi wakanung'unika kwamba sasa watu wote wamefanana. Toleo la 2014 likarudi kwenye urahisi. Mwaka 2024 likatoka toleo lililosahihishwa, na hilo ndilo lililoleta fitina chini ya mwembe.

Vitabu vyenyewe ni vya fedha nyingi, nasi hatunavyo. Lakini kampuni hutoa sehemu kubwa ya kanuni bure, kwa idhini iruhusuyo mtu yeyote kuzinakili, kuzitafsiri, na hata kuziuza, maadam awataja waliozitunga. Kanuni za bure za toleo la 2014 tulizirithi kwa waliotutangulia, zimeshonwa kwa uzi wa katani. Zile za toleo jipya zilitolewa Aprili 2025. Ni kurasa zaidi ya 300, na kwa kuwa simu haziruhusiwi bwenini, mwenzetu mmoja alipokwenda likizo alizichapisha kurasa za watu wa silaha peke yake, kwa fedha tulizochangishana.

Sasa, katika bunda letu mna karatasi 14 za watu wa silaha, na nyingine zimekuwapo hapa shuleni kabla yetu. Kombo wa Tongoni, ambaye yu mikononi mwangu, aliandikwa mwaka 2020 na mwanafunzi aliyekwisha kuhitimu, akapewa mwingine, ndipo nikapewa mimi nilipokuwa Kidato cha Pili. Kurasa mpya zilipofika wengine walisema karatasi hizi ziachwe zilivyo, kwani mchezo wa zamani ulitutosha. Wengine wakasema zichomwe na kila mtu aanze daraja la kwanza, maana kuhamisha ni kazi ya makarani. Na wako waliokwisha kuanza kuhamisha, lakini kwa namna ninayoiona mbaya kuliko kuchoma. Huweka karatasi ya kale kushoto na mpya kulia, wakanakili namba kutoka kisanduku hiki hadi kile, na pale ambapo kisanduku kipya hakina mwenzake wa kale, huandika lolote lililo kubwa.

Mimi nasema wahamishwe, tena wote, tena kabla ya Novemba. Lakini ahamishwe mtu, si namba zake.

Jambo hili si geni pwani hii. Wengi waliokulia Tanga na Pangani wamecheza bao la kujifunza kabla ya kukaribishwa katika bao la Kiswahili. Ubao ni ule ule wenye mashimo 32, na kete ni zile zile 64. Katika bao la kujifunza kete zote hutiwa ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili kila shimo. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 za akiba, tena ana nyumba ya kuilinda. Mtu atokaye bao lile kuja bao hili hawezi kusema, "Nilikuwa na kete mbili katika shimo hili, nazitaka pale pale." Kinachohama ni namna yake ya kucheza: kwamba hupenda kuvizia, au hupenda kula mapema, au ni mchoyo wa kete zake. Wazee wakimwona huyo akicheza bao jipya humjua ni yule yule.

Nitatoa mfano mdogo uonyeshao kwa nini kunakili hakufai. Katika karatasi zetu sita mna panga. Panga halimo katika kanuni za bure, za kale wala mpya, kwa kuwa waliozitunga si watu wa mashamba ya mkonge. Waliotutangulia walipaswa kulifananisha na silaha iliyomo, nao wakaandika "upanga mfupi", jambo likaisha. Na kweli wakati ule halikuwa na uzito, maana upanga mfupi, na kitara, na shoka la mkono, zote zilipimwa kwa dadu moja ya pande sita. Uite panga upanga au uliite shoka, aliyepigwa aliumia vile vile.

Kanuni mpya zimeyageuza hayo. Sasa kila silaha ina ustadi wake, na mtu wa silaha aliyejifunza silaha hiyo huutumia. Upanga mfupi ukimjeruhi adui, pigo lako linalofuata juu yake lina kheri, na shoka la mkono kadhalika. Kitara, kwa aliyeshika silaha nyepesi mikono yote miwili, humruhusu kupiga kwa mkono wa pili bila kulitumia lile tendo la nyongeza ambalo kila mtu analo moja kwa zamu. Rungu likimwumiza adui hupunguza mwendo wake. Mkuki humtia adui nuksi katika pigo lake linalofuata. Basi anakiliye neno "upanga mfupi" kutoka karatasi ya kale amekwisha kuchagua asijue kuwa achagua. Tena amechagua silaha ya kuchoma, na panga halichomi, panga hukata.

Mimi naliweka panga pamoja na shoka la mkono. Ni zito mbele, hukata kwa uzito wake, na kila aliyefyeka pori ajua kwamba pigo la kwanza hulifungulia njia la pili. (Kanuni za shoka zaruhusu pia kulirusha, jambo ambalo mama yangu asingelikubali nyumbani kwetu.) Wenzangu wawili wasema hapana, panga ni kitara, kwa kuwa lina makali upande mmoja na mtu aweza kushika mawili. Hatujapatana. Lakini naomba msomaji atazame kilichotokea: watu wa silaha wamebishana nusu saa nzima juu ya silaha, na wenye uganga wakaketi wakingoja. Tangu niujue mchezo huu sikupata kuyaona hayo.

Nije sasa kwa Kombo. Karatasi yake ya kale yasema: mpiganaji, daraja la tano, mkuki, ngao, mapigo mawili. Yasema kwamba mara moja kati ya mapumziko na mapumziko aweza kujipa nguvu na kurudishiwa uhai kidogo. Yasema machache mengine ya namna hiyo. Lakini waulize waliocheza naye! Hadithi zetu twazitia katika nchi yetu wenyewe, na Kombo ndiye aliyesimama peke yake katika njia nyembamba ndani ya mapango ya Amboni, wenzake wanne wakapita nyuma yake wamebeba majeruhi. Ndiye aliyemvuta nahodha kutoka mlangoni mwa mto Pangani wakati maji yanapotoka kwa nguvu. Ndiye aliyemwekea mnyama mkuki usoni hata mnyama akasita. Katika karatasi hayo hayamo hata moja, na zaidi ya hayo, kwa tendo lile la pangoni kanuni za kale hazikuwa na neno. Ilimpasa mwenye Kombo amwombe msimulizi, "Tafadhali, nataka asiweze kuwapiga wenzangu." Msimulizi akikubali ni hisani yake; akikataa, basi. Mwenye uganga hahitaji hisani, yeye huonyesha ukurasa.

Kwa hiyo nilipomhamisha Kombo sikuanza na namba. Nilianza na mambo hayo matatu, nikayatafutia mahali. Njia ya pangoni, na mkuki usoni mwa mnyama, ndio ustadi wa mkuki wenyewe: apatwaye na mkuki wa Kombo hupiga kwa nuksi, naye kwa mapigo yake mawili aweza kuwatia nuksi maadui wawili katika zamu moja. Kumvuta nahodha majini ni jaribio la nguvu za mwili. Hapo mpiganaji wa kanuni mpya, tangu daraja la pili, akishindwa jaribio aweza kutumia nafasi yake ya kujipa nguvu akaongeza dadu ya pande kumi. Na akishindwa hata hivyo, nafasi haimpotei. Nafasi zenyewe zilikuwa moja, na sasa kwa daraja lake ni tatu. Tena tangu daraja la tano, mpiganaji ajipaye nguvu aweza kusogea nusu ya mwendo wake bila adui kupata pigo la bure juu yake. Hilo ndilo alilolifanya Kombo siku ya pangoni mwishoni kabisa, wenzake walipokwisha kupita, akarudi nyuma hatua kwa hatua huku uso wake u kwa adui. Siku ile alipewa kwa hisani. Sasa ni haki yake.

Palibaki jambo la asili yake. Katika kanuni za kale binadamu aliongezewa kidogo katika vipimo vyake vyote sita kwa sababu tu ni binadamu. Sasa nyongeza hutokana na kazi aliyoifanya mtu kabla ya safari zake, na kazi hiyo humpa pia kipaji kimoja. Hayo ni mazuri. Lakini katika kanuni za bure kazi zimeandikwa nne tu: mtumishi wa hekalu, mhalifu, mwanazuoni na askari. Mwenye kunakili humwandika mpiganaji kuwa askari, akaenda zake kula. Kombo hakuwa askari hata siku moja. Kombo ni mwana wa mvuvi wa Tongoni, na kila aliyemcheza alimchezea hivyo, kwa kamba na nanga na kujua bamvua. Toleo jipya latoa ruhusa ya kuingiza kazi za vitabu vya kale, mradi mtu achague nyongeza na kipaji. Nami nasema kwa ruhusa iyo hiyo tuiandike kazi ya mvuvi, na ya mkata mkonge, na ya mchukuzi wa bandarini, sisi wenyewe kwa Kiswahili.

Kijana wa Kidato cha Pili atakayemrithi Kombo alimcheza kwa kanuni mpya kwa mara ya kwanza majuma mawili yaliyopita. Zamu yake ilipofika hakusema, "Nampiga." Aliwageukia wenzake akauliza, "Nimtie nuksi nani?" Na wakubwa wawili wakaanza kumbembeleza, huyu akimwonyesha adui huyu, na huyu yule.

Wengine nitawapitia upesi. Jiwe la Vuga, mtu wa ghadhabu kutoka milima ya Usambara, alikuwa na ila moja iliyotuchekesha sana. Kwa kanuni za kale ghadhabu yake ilizimika kama hakumshambulia adui wala hakuumizwa tangu zamu iliyotangulia. Basi maadui walipokimbia kwa mashua kuvuka mto, yeye aliingia mtumbwini kuwafuata, na katikati ya maji, kwa kukosa wa kumpiga, ghadhabu ikamwisha, akafika ng'ambo mtulivu kama mtu atokaye sokoni. Sasa aweza kuidumisha kwa tendo la nyongeza, hata dakika kumi. Tena zamani alipoizidisha ghadhabu yake alibaki na uchovu baada ya vita, na uchovu huo umeondolewa. Makame, mjanja wetu wa jambia, tangu daraja la tano aweza kupunguza dadu moja ya pigo lake la kuvizia na badala yake akamwangusha adui chini.

Sisemi kwamba kila kilicho kipya ni bora. Mtawa wetu, tumwitaye Mkonge kwa wembamba wake na miiba yake, amepata na amepoteza. Ngumi yake ya daraja la tano ilikuwa dadu ya pande sita, sasa ni ya pande nane. Lakini pigo la kumduwaza adui, ambalo zamani aliweza kulijaribu kwa kila ngumi maadam nguvu zake za ndani hazijaisha, sasa ni mara moja tu kwa zamu. Adui akistahimili, mwendo wake hupungua nusu na pigo linalofuata juu yake lina kheri, kwa hiyo Mkonge hatoki mtupu. Hata hivyo mwenyewe amekasirika, nami siwezi kumwambia kwamba hana sababu. Katika hadithi zetu Mkonge ndiye aliyekuwa akiwaduwaza watu wawili watatu kwa pumzi moja, na jambo hilo halihamiki. Na liandikwe nyuma ya karatasi yake kwamba alilifanya.

Wale wapendao kukaa na kanuni za kale husema kuwa ustadi wa silaha huongeza mambo ya kukumbuka, na zamu ya mpiganaji imekuwa ndefu. Ni kweli, imekuwa ndefu. Lakini miaka yote hii mwenye uganga akifungua kurasa zake na kufikiri, na kubadili shauri, na kufikiri tena, hapana aliyemwambia kuwa anachelewesha watu. Mbona urefu wa zamu umekuwa dhambi sasa, ulipomfikia mdogo mwenye mkuki?

Na kwa wale watakao kuchoma, nitawakumbusha habari ya hapa hapa. Kombo alitungwa kwa mfano wa watu wa Mrima waliopigana na Wajerumani tangu mwaka 1888, vita iliyoanzia Pangani, na ambayo kiongozi wake, Abushiri bin Salim, alinyongwa mjini humo humo Desemba 1889. Hesabu za mizinga na askari za vita ile mtu aweza kuzipata katika habari walizoziandika Wajerumani wenyewe. Atakaye kujua mambo yale yalivyoonekana kwa watu wa huku husoma utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa pwani hii hii ya Tanga, juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima. Sisemi Kombo ni Abushiri. Kombo ni karatasi iliyochakaa pembe. Lakini namba za karatasi ile mtu yeyote aweza kuziandika upya kwa robo saa, na matendo yake hayakuandikwa popote. Yamo vichwani mwa Kidato cha Nne, na Kidato cha Nne wataondoka mtihani wa taifa ukiisha Novemba. Mwakani bunda hili litakuwa mikononi mwa watu wasioweza kusema kwa nini Kombo hushika mkuki na si upanga, nao wataona mkuki una dadu ndogo, wataufuta.

Ndugu zangu wa Kidato cha Nne watasema hawana nafasi kwa sababu ya masomo. Nami nina masomo yale yale, na hesabu zangu hazijawa nzuri kiasi cha kujivunia. Lakini karatasi ni 14, na mbili kwa kila Jumamosi ni Jumamosi saba tu. Naomba mwenye mtu aje pamoja na yule atakayemrithi, wasije mmoja mmoja. Kwanza mwenyewe asimulie mtu wake alifanya nini, na mrithi aandike nyuma ya karatasi kwa mkono wake, matendo matatu au manne yatosha. Baada ya hapo ndipo zifunguliwe kanuni mpya, kila tendo litafutiwe mahali. Lisilopata mahali libaki limeandikwa hivyo hivyo. Namba zije mwisho, maana ndizo rahisi.

Kombo amekwisha. Jumamosi ijayo, baada ya usafi, ni zamu ya Jiwe la Vuga na Makame. Na wenye panga wote waje na hoja zao, ili neno moja liandikwe katika karatasi zote sita.